Maswali ya Wasomaji: Bei Iliyopanda Vyombo Vikiwa Ndani ya Fuso

Barua tunazozijibu safari hii zinahusu kuhama nyumba kwa kutumia kampuni za kuhamisha mizigo, ndani ya Jiji la Arusha na kati ya Arusha na Moshi. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kuliko nyingine, maana kosa lake hufanyika saa ambayo mteja hana pa kukimbilia.

Wahariri, nilikubaliana na kampuni moja inihamishe kutoka Njiro hadi Soweto, Moshi, kwa shilingi 450,000. Tuliongea kwa simu, kisha msimamizi akaniandikia bei hiyo kwa WhatsApp. Nililipa nusu asubuhi. Tulipofika Moshi jioni, akasema mzigo ni mkubwa kuliko alivyodhani, niongeze 170,000 juu ya salio, la sivyo hashushi hata kijiko. Mtoto analia, wingu limetanda. Nililipa yote. Nina haki ya kudai, au nimeshakubali mwenyewe? — Mama wa Soweto, Moshi

Pole sana, mama. Haki unayo.

Makubaliano ya mdomo ni mkataba. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 10, inataka hiari ya pande zote, watu wenye uwezo wa kuingia mkataba, malipo halali na lengo halali. Karatasi yenye muhuri si sharti kwa kazi ya namna hii. Ule ujumbe wa WhatsApp unaotaja 450,000 ni ushahidi, kwa kuwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inautambua ushahidi wa aina hiyo. Usiufute, na simu yenyewe usiiuze wala kuigawa mpaka jambo liishe. Piga picha ya mazungumzo yote tangu salamu ya kwanza, tarehe na namba ya mwenzako zikionekana, uihifadhi na mahali pengine.

Tuje kwenye ile 170,000. Ridhaa iliyopatikana kwa kuzuia mali ya mtu isivyo halali, kwa Sheria hiyohiyo ya Mikataba, ni shurutisho wala si hiari. Pesa iliyotolewa kwa shurutisho inarudishwa. Mwenye gari ana haki ya kudai ujira mliopatana, na kama salio la 225,000 lilikuwa bado mkononi mwako, angeweza kulisimamia hilo. Lakini kitanda chako hakiwezi kuwa rehani ya pesa ambayo hamkuwahi kuizungumza.

Upande wake nao tuupime, maana ndiko atakakojitetea. Kama ulimwambia "kitanda kimoja, sofa na vyombo vya jikoni", halafu kwenye gari vikapanda vitanda vitatu, simtanki la lita 1,000 na mbao za banda la kuku, ana hoja. Hata hivyo mahali pa kuitoa hoja hiyo ni mlangoni Njiro, kabla kitu cha kwanza hakijanyanyuliwa, ili wewe uwe na nafasi ya kukubali, kupunguza mzigo au kutafuta gari lingine. Akipakia kimya hadi mwisho, akaendesha kilomita zipatazo 80, kisha akakumbuka ukubwa wa mzigo getini kwako, hoja hiyo imeisha nguvu. Na kama hakuja kabisa kuuona mzigo kabla ya kutaja bei, makadirio mabaya ni yake yeye.

Kwa kuwa wasomaji wengine watajikuta hapohapo ulipokuwa, tueleze la kufanya saa ileile. Piga picha ya namba ya gari na ya mizigo ikiwa ndani. Mpigie mwenye kampuni, kwa sababu mara nyingine nyongeza ni ya msimamizi na vijana wake tu na ofisi haina habari. Tuma salio mlilokubaliana kwa simu, si taslimu, ili muamala ubaki na kumbukumbu. Muite balozi au mwenyekiti wa mtaa unaohamia. Kazi yake si kuhukumu, ila atakuwa shahidi asiye na upande, na bei nyingi hushuka mtu wa serikali ya mtaa anapofika. Polisi watakwambia madai ya bei ni ya kiraia, na ni kweli. Gari likiondoka na vyombo vyako, hapo mambo yamebadilika: nenda kituoni papo hapo na namba ya gari, uandikishe taarifa.

Ikibidi ulipe kwa sababu ya giza, mvua au watoto, lipa kwa simu, na kabla ya kutuma pesa mwandikie maneno haya: "Nalipa 170,000 ili vyombo vyangu vishushwe. Sikukubali nyongeza hii na nitaidai." Sentensi hizo mbili ndizo zinazokata kauli ya "alilipa kwa hiari yake". Wewe hukuandika, lakini bado una ujumbe wa bei ya kwanza, taarifa ya miamala na majirani waliosikia.

Hatua ya sasa ni barua ya madai. Taja tarehe, njia, bei mliyokubaliana, kilichotokea getini na kiasi unachodai, kisha mpe siku 14. Ipeleke ofisini, na nakala yako isainiwe kwamba imepokelewa. Wakikataa kusaini, itume kwa WhatsApp na kwa posta ya rejesta. Ukiona kampuni inataja bei ndogo ili kupata kazi halafu inaipandisha njiani kama desturi yake, peleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC. Sheria ya Ushindani ya 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na bei ya chambo ni upotoshaji. Pesa yako yenyewe utaidai Mahakama ya Mwanzo, ambayo hupokea madai ya mikataba ya hadi shilingi milioni 30. Unaweza kufungua Moshi, kwa kuwa tukio limetokea huko. Utajieleza kwa Kiswahili, na kuwa na wakili si lazima.

Nimeona kampuni ya kuhamisha mizigo kwenye Instagram, ina picha za vijana waliovaa sare na magari mazuri. Nitajuaje kama ni kampuni kweli na si dalali mwenye simu? — Mwalimu, Sakina

Mwalimu, picha weka kando kwanza. Uliza maswali haya kwa simu, usikilize anavyojibu.

Jina kamili la biashara ni lipi? Kampuni na majina ya biashara husajiliwa BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, na jina unaweza kulitafuta kwenye mfumo wao mtandaoni. Leseni ya biashara imetolewa na halmashauri gani? Kwa ofisi iliyopo mjini kwenu itakuwa Jiji la Arusha, na kwa iliyopo Moshi mjini ni Manispaa ya Moshi. Leseni ina jina, aina ya biashara na tarehe ya kuisha. Yasome yote matatu. Tumewahi kuona leseni hai kabisa ya kuuza vifaa vya ujenzi ikitolewa kama uthibitisho wa kuhamisha mizigo.

Gari ni la nani? Swali hili ndilo linalowachuja wengi. Sehemu ya wanaojiita kampuni hawana hata kirikuu. Wakishapata mteja hukodi fuso au kenta kijiweni. Kukodi si kosa, ila lazima mkataba uonyeshe kuwa uliyepatana naye ndiye anayebeba dhamana ya mzigo. Usipofanya hivyo, kikivunjika kitu mmoja atakwambia "mimi ni dereva tu" na mwingine "gari si langu", wewe ubaki katikati na vipande vya kioo.

Omba picha ya gari litakalokuja, mbele na nyuma, uangalie kibao cha namba. Kibao cheupe ni cha gari la biashara, cha njano ni cha gari binafsi. Gari la kubeba mizigo ya watu kwa malipo linapaswa kuwa na leseni ya usafirishaji ya LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini. Gari binafsi likikubebea mzigo kwa kulipwa, matumizi yake yametoka nje ya kile kilichokatiwa bima, na likipata ajali kampuni ya bima ina sababu ya kukataa kulipa.

Bima nayo huwapoteza wengi. Ukiuliza "gari lina bima?" utaambiwa ndiyo, na stika utaonyeshwa. Uhalali wake unaweza kuuhakiki kwa namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Lakini bima ndogo, ile ya lazima kisheria, humlipa mtu wa tatu aliyeumizwa na gari. Friji iliyo ndani ya gari hilo haimo. Kinacholipa vyombo vyako ni bima ya mizigo safarini, ambayo hukatwa peke yake. Wakisema wanayo, omba nakala usome vitu vitatu: kiwango cha juu kinacholipwa kwa safari moja, mambo yaliyotengwa (wizi wa gari lililoachwa bila mtu hutengwa mara nyingi, na vioo vilivyofungwa na mwenyewe pia), na tarehe. Kisha ipigie kampuni ya bima iliyoandikwa pale, kwa namba uliyoitafuta mwenyewe.

Mwisho, pesa inaingia wapi? Ukipewa namba ya simu ya mtu binafsi badala ya lipa namba au akaunti yenye jina la kampuni, uliza sababu kabla hujatuma. Dai pia risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi. Mnunuzi naye ana wajibu wa kisheria wa kuidai, na karatasi ile ina jina la biashara, namba ya mlipakodi (TIN), tarehe na kiasi, yaani nusu ya ushahidi wako iko hapo.

Friza yangu ilitoka Majengo, Moshi, ikigandisha, ilipofika Kwa Mrombo, Arusha, haikugandisha tena. Nauza barafu za ukwaju, kwa hiyo nimepoteza wiki mbili za biashara. Kampuni inanionyesha maandishi ya nyuma ya risiti: "Mali husafirishwa kwa hatari ya mwenyewe." Nina chochote cha kudai? — Mfanyabiashara, Kwa Mrombo

Tuanze na maandishi hayo. Sharti linaingia kwenye mkataba pale tu linapojulikana kabla ya kukubaliana. Risiti uliyopewa Arusha, kazi ikiwa imekwisha, haiwezi kurudi nyuma ibadilishe mlichokubaliana Moshi. Hata kama ungeliona mapema, aliyekabidhiwa mali ya mtu ana wajibu wa kuitunza kama mtu mwangalifu anavyotunza ya kwake, na Sheria ya Ushindani inamtaka anayemhudumia mlaji afanye kazi kwa uangalifu na ustadi. Kumwaga wajibu huo wote kwa mstari mmoja wa nyuma ya karatasi ni jambo ambalo FCC na mahakama zina nafasi ya kuliuliza.

Kigumu kwako ni kuthibitisha mambo mawili: kwamba friza ilikuwa nzima ilipopanda, na kwamba kilichoiharibu ni ubebaji. Hili la pili linahitaji kulijua friza lenyewe. Ndani ya kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ya friza, kuna oili. Friza likilazwa ubavu, oili hutiririka kuingia kwenye mabomba ya gesi. Likisimamishwa na kuwashwa saa hiyohiyo, kompresa huzunguka bila oili ya kutosha au husukuma oili kwenye mabomba membamba, na hapo hufa au huziba. Ndiyo maana friji na friza husafirishwa zikiwa wima, na ikilazimu kulazwa huachwa zimesimama angalau kwa muda uleule zilizolala kabla ya kuwashwa. Zikilala kutwa nzima, subiri saa 24. Kwa hiyo jiulize: nani alilaza, na nani aliwasha? Kama walilaza wao wakakwambia washa, lawama ni yao. Kama walikwambia usubiri hadi kesho ukawasha jioni ileile, watakuwa na la kujibu.

Fundi asiitengeneze kwanza. Aichunguze, aandike kwenye karatasi yenye jina na saini yake: kilichoharibika, sababu anayoiona na gharama ya kutengeneza. Vipuri vibovu vikitolewa, vitunze ndani ya mfuko.

Utakacholipwa ni hasara iliyotokea, na friza jipya kwa friza kuukuu halimo. Linatengenezeka? Dai gharama ya matengenezo. Halitengenezeki? Dai bei ya friza lililotumika la umri huo sokoni. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba kinatoa fidia ya hasara inayotokana moja kwa moja na uvunjaji wa mkataba, au ile ambayo pande zote zilijua tangu mwanzo kuwa huenda ikatokea. Biashara ya barafu ipo kwenye kundi la pili. Kama walijua friza ni la biashara, una hoja ya kudai na wiki mbili zile. Kama walidhani ni la nyumbani, dai hilo litakuwa dhaifu. Sheria inakutaka pia upunguze hasara: ungeweza kukodi nafasi kwenye friza la jirani na kudai gharama ya kukodi, ambayo mahakama huipokea kwa urahisi kuliko faida ya kukadiria.

Wengine mnaojiandaa kuhama, andikeni orodha kabla gari halijafika. "Friji moja" haitoshi. Orodha inayosaidia inasomeka hivi: "Friji ya milango miwili, rangi ya fedha, mkwaruzo wa sentimita 10 upande wa kulia chini, imewashwa mbele ya msimamizi saa 2:15 asubuhi, inafanya kazi." Nakala mbili, saini mbili kwenye kila ukurasa, na picha za pembe zote nne. Maboksi yapewe namba, na orodha ionyeshe nani alifunga boksi gani. Boksi ulilofunga mwenyewe likifika bila kubonyea huku vikombe ndani vimevunjika, watasema hukufunga vizuri, na mara nyingi watakuwa sahihi: sahani husimamishwa kwa ubavu, kila moja na gazeti lake, nafasi zikajazwa nguo, hazilazwi zikapandana. Vioo na runinga bapa waachie wafunge wao, ili wasiwe na pa kukwepea.

Wakati wa kushusha, kagua kabla ya kusaini. Wakikuharakisha, andika kwa mkono juu ya saini yako: "Maboksi hayajafunguliwa, vyombo vya ndani havijakaguliwa." Kisha fungua yote ndani ya siku moja au mbili na utoe taarifa kwa maandishi. Ukikaa mwezi, utaulizwa kama kabati halikuvunjwa na watoto wako.

Kampuni inataka nilipe asilimia 70 kabla, na wakisema wameahirisha pesa hairudi. Ni sawa? — Kijana, Ngaramtoni

Kisheria kiwango cha advansi ni makubaliano yenu, lakini asilimia 70 ni nyingi mno. Ukishalipa hiyo, huna cha kushikilia. Sisi tungelipa asilimia 20 hadi 30 ya kushikia siku, sehemu ya pili gari likishapakiwa na orodha ikishasainiwa, na iliyobaki baada ya kushusha na kukagua. Aliyepokea pesa ya kazi ambayo yeye mwenyewe hakuifanya anapaswa kuirudisha. Kauli ya "pesa hairudi" haimsaidii pale anapoahirisha yeye. Ukiahirisha wewe, wana haki ya kufidiwa gharama halisi, kama gari lililokwishatumwa. Andikeni mapema: ukitoa taarifa siku ngapi kabla unarudishiwa yote, na chini ya hapo wanakata kiasi gani. Kipindi cha masika, Machi hadi Mei, ongezeni mstari kuhusu barabara. Gari likishindwa kupanda kwenye tope la mtaa wako, nani analipa toyo au guta la kumalizia? Jambo dogo hilo limegombanisha watu wengi.

Nahama kutoka Moshono kwenda Rau. Vijana wa gari wamesema nikae juu ya mizigo niilinde, na mtungi wa gesi tuuweke chini ya magodoro usionekane. — Dada, Moshono

Dada, usikubali lolote kati ya hayo. Gari la mizigo halibebi watu juu ya mzigo. Ni kosa barabarani, na kamba ya turubai ikikatika kwenye kona huna pa kujishika. Kama ni gari la bodi lililofungwa, weka kufuli lako na ufunguo ukae nao. Kama ni la wazi, hesabu vitu vilivyopanda, piga picha turubai likishafungwa, kisha lifuate kwa gari lingine.

Mtungi wa gesi funga valvu, toa regyuleta, weka kifuniko chake ukiwa nacho, na mtungi usafirishwe ukiwa umesimama na kufungwa kamba mahali penye hewa. Mtungi ukilala chini ya magodoro huku unavuja, gesi itajikusanya humo ndani, kwa sababu ni nzito kuliko hewa. Jenereta nalo limwagwe petroli yote kabla.

Chukua barua ya serikali ya mtaa wa Moshono inayosema unahama na vyombo vyako, ikitaja namba ya gari. Fuso lenye vyombo vya nyumbani husimamishwa na kuulizwa, hasa jua likizama, na barua hiyo hukuokoa kushusha vitu kando ya barabara. Magari yenye uzito unaozidi tani 3.5 hupimwa kwenye mizani, kwa hiyo mkataba useme faini ya kuzidisha uzito ni ya nani. Iwe ya mwenye gari. Yeye ndiye anayejua gari lake linabeba kiasi gani.